Kasuku Aliyeitikia Hodi

Ukoo wake sitausema, wala jina lake. Jina nalijua, na wazee wa Msambweni waliobaki wanalijua, lakini mimi sikuwahi kumwita kwa jina hata siku moja, na nikianza leo nitahisi namwita mtu mwingine. Alikuwa somo yangu. Kwa aliyezaliwa mbali na pwani, somo ni mwanamke anayekabidhiwa msichana akishakuwa mwari ili amfunde: namna ya kujitunza, ya kukaa na watu, na mwishowe ya kukaa na mume. Wasichana waliopita mikononi mwa Somo walikuwa wengi, na karibu wote walitulia kwenye nyumba zao. Yeye mwenyewe aliishi na kasuku.

Nikimkumbuka, inanijia kwanza saa ile ya jioni kabla ya adhana ya magharibi. Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ua wa makuti uliochakaa, na sisi watoto tulichungulia tutakavyo. Tulimwona akitoka uani na kanga mkononi, kanga kuukuu iliyopauka mpaka maandishi yake hayasomeki, akiingia chumba cha mbele, kisha tunamsikia akizungumza kwa sauti ambayo hakumpa mtu mwingine yeyote. Sauti yake ya mchana ilikuwa ya kukaripia. Ile ya jioni ilikuwa ya kubembeleza, na ilikuwa ya kasuku peke yake.

Nilipokabidhiwa kwake, nilifundishwa kufunika tundu la kasuku kabla ya kufundishwa kupika wali wa nazi. Nilidhani ni mzaha. Somo hakuwa mtu wa mzaha kwa mambo mawili, sala na tundu.

"Mwache anywe kwanza," alisema. "Kisha mngoje apande pale juu anapolala. Ukimfunika yuko chini, atahangaika gizani akitafuta pa kukanyaga. Sasa mwambie."

"Nimwambie nini, Somo?"

"Kwamba wamfunika. Wewe ukifunikwa ghafla utafurahi?"

Nikamwambia kasuku kwamba namfunika. Alinitazama kwa jicho moja la manjano, akageuza kichwa akanitazama kwa la pili, akapandisha manyoya ya shingo. Alikuwa wa kijivu, mkia mwekundu, na alikuwa na dharau kama ya mtu aliyesafiri. Nilijiona mjinga, lakini niliteremsha kanga polepole, upande mmoja baada ya mwingine, kama nilivyoonyeshwa.

Kanga yenyewe ilikuwa na sheria zake. Iwe nyepesi, ya pamba, iliyofuliwa kwa maji na sabuni ya kipande tu, isikae sandukuni pamoja na nguo za kutokea, isiguswe na manukato wala moshi. Mapindo yake alikuwa ameyashona upya kwa mkono, maana uzi ukilegea ndege huunasa kwa ukucha, akajizungusha gizani mpaka akavunjika mguu. Blanketi hakulitaka hata wakati wa kipupwe. Koroboi ilikaa chumba kingine, jiko lilikaa uani, na miguu ya meza ilisimama ndani ya makopo ya maji ili siafu wasipande. Lakini sheria kubwa ilikuwa moja. Upande wa tundu unaoelekea ukutani haukufunikwa. Hapo aliacha nafasi, juu mpaka chini, hewa ipite bila upepo kumpiga ndege.

Siku ya kwanza mimi, kwa bidii yangu, nilizungusha kanga pande zote nikaibana vizuri. Somo akanishika kifundo cha mkono.

"Wamfunika alale," alisema. "Humziki. Acha upande wa ukutani."

Kasuku yule aliletwa na mumewe Somo, aliyekuwa mpishi melini. Mtu mwenyewe simkumbuki sawasawa. Nakumbuka kicheko, na kofia ya kitambaa cheupe, na kwamba alitupa sisi watoto biskuti ngumu za melini. Hata hivyo sauti yake naijua kuliko sauti ya babu yangu aliyenilea, na sababu ni kasuku. Likizo yake ya mwisho ilikuwa ndefu, na kazi aliyojipa ni kumfunza ndege. Alisimama nje ya mlango akapiga hodi, kisha akaingia ndani haraka, akasimama mbele ya tundu, akajiitikia mwenyewe: "Karibu. Mwenyewe yumo." Akatoka tena. Asubuhi hodi, adhuhuri hodi. Mama alisema siku mtu huyu atakaporudi melini, yeye atachinja kuku kwa furaha.

Akarudi melini. Somo alinisimulia kwamba siku ya kuondoka alimpapasa kasuku kichwani, akasema, "Sasa naondoka roho yangu imetulia. Nyumba ina mwanamume." Hakurudi. Mara kulisikika kwamba ameonekana Tanga, mara kwamba meli yake ilibadilisha njia, mara kwamba ameugua akazikwa kwenye bandari ambayo aliyesimulia hakuweza kuitaja. Hakuna aliyekuja na neno la kushika.

Basi ukipita kwa Somo ukapiga hodi, ulijibiwa na mwanamume. Haikuwa sauti ya kitoto kama ya ndege wengine wanaosema. Ilikuwa nzito, ya taratibu, ya mtu aliyekwisha kula na sasa amejiegemeza. "Karibu. Mwenyewe yumo." Sisi tuliozoea tuliingia. Wageni walijiweka sawa, wanaume wakarekebisha kofia, wanawake wakavuta buibui.

Miaka ile ya kuelekea Uhuru vijana wa vyama walizunguka nyumba kwa nyumba, na mmoja wao, kijana wa shati jeupe kutoka upande wa Kwale, alifika kwa Somo wakati Somo yuko kisimani. Akapiga hodi. Akakaribishwa. Kwa adabu hakuingia, akakaa barazani kumngoja mwenye nyumba atoke. Mama yangu alikuwa nyuma ya ua anatwanga, na kwa roho yake mbaya akanyamaza asikilize.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema. "Hodi hii ni ya habari ya chama."

"Karibu."

"Mzee, nchi hii inarudi kwetu. Wenyewe ni nani kama si sisi?"

"Mwenyewe yumo," ilijibu sauti.

Kijana alilitafakari neno hilo, akaenda zake. Tulisikia baadaye kwamba kwenye mkutano wa Msambweni alisimama akasema kuna mzee mmoja hapahapa, mtu wa maneno machache, ambaye ameielewa siasa kuliko wengi. Watu walipiga makofi. Somo alipoambiwa, alicheka mpaka tambuu ikamtoka kinywani, na hicho ni kicheko kimoja kati ya vichache vyake ninavyovikumbuka.

Kwa kawaida alikuwa mtu wa kununa. Alikuwa na choyo cha ajabu kwa vitu vidogo: sindano ukiazima ulisimamiwa mpaka uirudishe. Lakini vitu vikubwa alitoa bila kufikiri. Nyumba ya jirani ilipoanguka kwa mvua, mke na watoto walilala kwake msimu mzima, na hakuwahi kuwataja mbele ya mtu. Sala zake hazikumpita, ila alikuwa na ulimi ambao baada ya kila sala ulihitaji sala nyingine. Alichukia kusifiwa. Ukimwambia chakula kitamu, alijibu, "Kwani ulitaka kiwe kichungu?"

Maneno yake ya kufundia wasichana alikuwa nayo mengi, na aliyasema wakati mikono ina kazi. "Mume ni mtu wa nyumbani, usimpambie kama mgeni kila siku, utachoka." "Ukikasirika, pika kwanza. Mwenye njaa hasikii." Na lile alilolisema kwa kila mwari, akinyoosha kidole chenye hina: "Usimngoje mtu mpaka chakula kikapoa. Kula. Cha kwake funika, naye akija atakuta."

Sisi tulilipokea bila kulipima. Nilikuwa nimekwisha kuwa mkubwa nilipogundua kwamba yeye hakula jioni mpaka baada ya isha, na kwamba sahani ya pili ilikuwepo, imefunikwa kwa kawa, na asubuhi chakula chake kilipewa kuku. Nilimuuliza. Nilikuwa na umri wa kuuliza ovyo.

"Wewe wataka kunifunda mimi?" alisema, na siku hiyo nilisugua masufuria yote.

Mtu wa kumposa alikuwepo. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mpole, mwenye duka karibu na soko. Alimtuma mshenga, mwanamke mtu mzima, aje kusema kwa heshima kwamba mume aliyepotea ana hukumu yake katika dini, kwamba kadhi akielezwa ataangalia muda na mashahidi, na mwanamke ataachiliwa akae eda yake, kisha awe huru. Yote yalikuwa kweli. Somo alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kahawa na kaimati.

"Mwambie fundi namshukuru," alisema. "Mwambie mwenyewe yumo."

Mshenga alidhani anatukanwa. Mimi, niliyekuwa nimekaa nasuka mkeka, nilijua hatukani. Alikuwa anasema jambo analolishikilia. Kadhi angeuliza habari za mume zilikatika lini, na Somo angejibu nini, ilhali sauti yake aliisikia asubuhi hiyohiyo? Watu walimwona mkaidi. Mimi nilimwona anaogopa, na nilimhurumia, lakini mwari hamwambii somo yake maneno ya huruma.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba huyohuyo aliyeishi kwa ile sauti ndiye aliyekuwa na haraka ya kuifunika. Jua likielekea tu kuzama, kanga mkononi. Jioni moja nilimwambia, "Somo, leo tumwache kidogo. Bado mwanga upo, na yeye anasema vizuri."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu mbele. Aliikunjua kanga magotini.

"Mchana nataka kumsikia," alisema. "Watu wapo, kazi ipo. Kukishakuwa kiza, mtu akapita njiani akapiga hodi kwa jirani, na huyu akaitikia humu ndani, mimi niko kitandani... Siwezi, mwanangu. Nitanyanyuka kumfungulia."

Tukamfunika. Sikumuuliza tena habari hiyo.

Niliolewa mwaka uliofuata Uhuru, na mume karani wa ofisi za serikali kule Kwale mlimani. Somo alihamia kwetu kwa siku za harusi, kama desturi, na kasuku akaja naye kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyemwamini kwa kazi ya jioni. Tundu liliwekwa chumba cha ndani, juu ya kigoda, karibu na ukuta. Ndicho chumba kilichokuwa na nguo zangu.

Pwani kwetu nguo za bibi harusi hazivaliwi hivihivi. Hutandazwa juu ya tenga la fito lililofumwa mviringo, na chini ya tenga huwekwa chetezo chenye makaa na udi, moshi ukapanda ndani ya nguo mpaka zikanukia. Jioni ile matenga yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta, kila moja limefunikwa na nguo na kila moja linafuka. Mwisho wa safu lilikuwepo tundu la kasuku, nalo ni la mviringo, nalo limefunikwa, kanga imeshuka mpaka sakafuni. Somo alikuwa amekwisha kumnywesha, kumngoja apande na kumwambia kabla udi haujawashwa. Kisha akaingia nami chumba cha nyuma kunisinga kwa liwa, ule msandali uliosagwa wa kulainisha ngozi, akafunga mlango.

Shangazi yangu wa Mkongani alikuwa amefika alasiri hiyo na mkungu wa ndizi. Ni mkulima, mwanamke mwema, hawezi kukaa bure penye kazi. Habari za kasuku hakuwa nazo. Aliingia chumba cha ndani akiwa na wanawake wawili wa upande wa bwana harusi, akatazama matenga yanavyofuka, akaona moja limesahauliwa. Akatia makaa kwenye chetezo, akaongeza udi mzuri kabisa, akatafuta pa kupenyezea. Akapata ule upande wa ukutani. Akasukuma chetezo chini ya kigoda, kisha, kama mtu anayejua kazi yake, akaibana kanga pale palipoachwa wazi, moshi usipotee.

Punde mtu alifika mlango wa nje na vyombo vya kuazima, akapiga hodi. Ndani ya nguo za bibi harusi mwanamume akaitikia, "Karibu. Mwenyewe yumo."

Ni rahisi kucheka sasa. Chumba kile mwanamume haingii, wala baba mzazi. Wanawake walipiga ukelele, wakatoka mbio vichwa wazi, na shangazi akavuta mlango akaukaza kwa mikono miwili ili mwizi asitoroke. Sauti ndani iliendelea. "Karibu," ilisema. Kikohozi. "Karibu. Karibu." Kikohozi tena. Wanaume wakaja na fimbo, wakasimama nje wakibishana, kwa kuwa ndani mna nguo za bibi harusi na si halali kuziingilia. Babu yangu akaulizwa. Babu yangu akawa anafikiri.

Chumba cha nyuma tulisikia ghasia, tukadhani ni vigelegele. Somo alikuwa ananipaka bega akiimba kwa chinichini. Kisha binamu yangu akasema mlangoni, huku anahema, "Mna mwanamume kwenye matenga. Amesema mwenyewe yumo."

Mkono wa Somo ulisimama begani mwangu. Naukumbuka uzito wake mpaka leo.

Alitoka hivyohivyo, liwa mpaka kwenye viwiko, akampita babu, akawapita wenye fimbo, akamwondoa shangazi mlangoni kwa bega lake. Nami nilijitanda nikamfuata, bibi harusi asiyetakiwa kuonekana. Chumba kilikuwa cheupe kwa moshi. Aliivuta kanga kwa mara moja, yeye aliyetufundisha kuvuta polepole. Kasuku alikuwa chini ya tundu, mabawa wazi, mdomo wazi. Somo alilibeba tundu mpaka dirishani, akaliweka kizingitini, akasimama analipepea kwa kanga ileile. Hakupiga kelele. Alipepea mpaka ndege alipokunja bawa moja, kisha la pili.

Shangazi alikuwa amekwisha kuelezwa. Alikaa chini sakafuni analia, anarudia kwamba hakujua.

"Umefukiza kama inavyotakiwa," Somo alimwambia. "Zingekuwa nguo, zingenukia mji mzima. Inuka, dada yangu."

Akanawa mikono, akanirudisha chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa nalia kuliko shangazi.

"Lia sasa, wanja bado hujatiwa," alisema. "Kisha kaa sawa. Bega hili halijaisha."

Akaendelea palepale alipoachia, hata ule wimbo. Kesho yake alinitoa nje kwa vigelegele, akacheza mbele yangu kama somo anavyocheza, akatunzwa, akatania upande wa bwana harusi. Hakuna mgeni aliyejua kwamba mtu yule amefiwa. Mimi nilijua, na furaha ya siku ile iliniingia nusu tu. Mpaka leo nikisikia harufu ya udi mzuri huwa natoka nje.

Kasuku hakufa. Alikula, alikunywa, alipanda jioni pale juu akangoja kuambiwa. Lakini ukipiga hodi alifungua mdomo, na kilichotoka ni pumzi kavu. Baada ya miezi michache hata mdomo akaacha kufungua. Mama yangu, aliyekuja kunitazama Kwale nilipojifungua mtoto wa kwanza, alinisimulia mengine. Kwamba Somo amevaa nyeupe. Kwamba ameosha hina, ameacha wanja, hatoki, hapokei mwanamume hata barazani. Wanawake wa mtaa walicheka kwamba yule bibi anakalia eda ya kasuku. Maalimu alimwendea mpaka dirishani kumkumbusha kwa upole kwamba eda hukaliwa kwa neno la kifo, na neno halijafika.

"Limefika," Somo alimjibu kutoka ndani. "Nimelisikia siku lilipokatika."

Mama alilisema hilo akicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mimi nilikuwa na mtoto kifuani, na nilipata hamu kubwa ya kushuka Msambweni siku hiyohiyo. Sikushuka, kwa kuwa nilikuwa kwenye arubaini.

Alipotoka edani alikuwa mwanamke huru machoni pake mwenyewe, lakini fundi cherehani alikuwa amechoka kungoja. Alioa msichana wa Ukunda aliyelelewa na nyanya yake mtaani petu, na nyanya, kwa kuwa hakujua lolote, alimwendea Somo amfunde. Somo akamfunda. Wanasema alimfunda vizuri sana.

Nilimwona kwa mara ya mwisho watoto wangu walipokuwa wameanza shule. Mahoteli yalikuwa yanajengwa Diani, na vijana wa Msambweni walikuwa wameanza kwenda huko kutafuta vibarua. Nilikuwa nimepata habari kwamba kasuku amekufa, kwa uzee au kwa kile kifua chake, na kwamba Somo hafundi tena kwa sababu ya magoti na mabega. Nikafunga mchele na tambuu, nikashuka.

Ua wa makuti kati ya nyumba zetu ulikuwa umeondolewa. Mlango wake ulikuwa umeegeshwa. Nikavua viatu, nikapiga hodi.

"Karibu," ilijibu sauti nzito, ya taratibu, ya mwanamume aliyejiegemeza. "Mwenyewe yumo."

Nilishika mwimo wa mlango. Nilidhani niliambiwa uongo, kwamba ndege yu hai na koo limefunguka, na furaha iliyonipata ilikuwa ya mtoto. Niliingia nikitabasamu. Tundu lilikuwa mezani, miguu ya meza ndani ya makopo ya maji. Halikuwa na kitu. Chumbani hakukuwa na mwingine ila Somo, kwenye kigoda chake, mdogo kuliko nilivyomwacha, anautazama mlango.

Tulitazamana. Mimi ndiye niliyeinamisha macho.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake mwenyewe ilikuwa imekonda. "Nilidhani ni watoto wa kuuza samaki. Wao hawanijui."

Nilikaa chini karibu na miguu yake, nikampa tambuu, akaipokea na kuiweka kando. Meno ya kutafunia hakuwa nayo tena. Akaniuliza habari za mume, za watoto, kama bado naunguza wali. Alinipasha habari za waliozaa na waliokufa. Kisha bila kuulizwa akasema, "Nilianza kuisahau. Alipokufa huyu ndege nikajaribu kuisikia kichwani, nikaikosa. Nikaogopa. Basi nikawa naisema mwenyewe, nisije nikaipoteza. Mwanzoni ilikuwa haifanani."

"Inafanana, Somo," nilimwambia.

"Kweli?"

"Nimeingia mbio."

Aliitika kwa kichwa, ameridhika, kama alivyofanya mwari aliyesifiwa naye, na yeye kumsifu mtu kulikuwa kwa nadra. Nililia, na safari hii hakuniambia nikae sawa.

Jua lilikuwa linashuka. Nilikuwa nimeahidi kulala kwa mama, nikaanza kuaga. Somo akaangalia dirisha, akaangalia kanga iliyokunjwa juu ya kiti.

"Mabega hayapandi tena," alisema. "Nifunikie."

"Li tupu, Somo."

"Najua kwamba li tupu. Mimi si mwehu. Funika."

Nikasimama. Kikombe cha maji ndani ya tundu kilikuwa kimejaa, kisafi. Nilingoja kidogo, kama tulivyokuwa tukingoja apande. "Nakufunika," nilisema, nikateremsha kanga polepole, upande mmoja baada ya mwingine. Upande wa ukutani niliuacha wazi. Nyuma yangu nilimsikia Somo akishusha pumzi.

Nilimbusu mkono, nikatoka, nikavaa viatu barazani. Nilipiga hatua mbili tatu, nikaona siwezi kumwacha hivyo, na kiza kinaingia, na yeye hajala. Nikarudi mpaka mlangoni. Sikuingia. Nikapiga hodi.

Nikaingoja ile sauti nzito. Haikuja. Ilikuja yake mwenyewe, nyembamba, yenye mikwaruzo, ya mwanamke mzee aliye peke yake chumbani.

"Karibu," alisema. "Mwenyewe nimo."

Nikavua viatu tena. Nilimpakulia wali, tukala pamoja ungali moto, na sahani ya pili ilikuwa yangu.